Jozi Kumi Kando ya Jiko

Mama anayefagia shule ya kijiji chetu hapitishi buti mlangoni. Ukiingia na matope atakuuliza kama kwenu mnalala na nguruwe. Amemfumia kila mtoto viatu vya sufu vya kuvaa darasani, na kila asubuhi vidole vyake vilivyokakamaa huvipanga kando ya jiko la kuni vipate joto. Tangu serikali kule Sofia, mji wetu mkuu, itangaze kwamba haitagharamia tena shule yenye watoto chini ya kumi, huvihesabu kwa sauti. Jozi kumi, hakuna ya ziada.

Jana nilipeleka barua ya kumhamishia binti yangu Kalina mjini. Nilimkuta mama huyo anapuliza moto. "Umewahi, Nevena! Na wewe unataka kusoma?" Nikacheka. Kisha akauona muhuri wa shule ya mjini kwenye bahasha. Akainuka polepole, akachukua jozi nyekundu ya Kalina, akanitia mkononi. "Mvishe kabla havijapoa, mwanangu." Akageuka kuhesabu zilizobaki. Alipofika tisa akaanza upya. Nilikuwa nimesimama katikati ya sakafu yake na buti zenye matope, naye hakuniambia nizivue.