Alcotest na Shimo la Jino

Mkitaka kucheka, chekeni mbele yangu, maana nyuma yangu mtaa wetu mzima wa Panda ulishacheka ukachoka. Mimi, Papa Ilunga, dereva wa basi la wafanyakazi, mtu ambaye miaka saba iliyopita nilisimama mbele ya parokia nikasema pombe basi (bibi yangu, mama wa watoto wangu, alilia siku ile mpaka akavua kitambaa cha kichwa ajipanguse nacho), nilishikwa kwenye lango la kiwanda, mchana kweupe, mbele ya abiria arobaini, mdomo unanuka lutuku. Na lutuku haina siri, ile pombe kali ya mahindi wanayopika uani ukiipitisha mdomoni tu hata jirani wa tatu anajua.

Yote yalianza na gego la chini, upande wa kulia, lililooza hadi nikawa natafuna bukari, ugali wetu, upande mmoja kama mbuzi mgonjwa. Jumatatu nikaenda kung'olewa. Daktari, mama mmoja mwenye mikono midogo lakini yenye nguvu ya koleo, alilitoa, akanipa kitambaa cha pamba niume, halafu akanikazia macho.

"Papa, leo hapana kusukutua, hapana kutema-tema. Ile damu yenye kuganda mule ndani ya shimo njo bandeji yako, ikitoka utalia. Kesho, maji ya vuguvugu na chumvi, polepole. Chakula laini. Hapana tumbako. Na pombe, zéro."

"Docteur, minye na pombe tuliachana zamani," nikamjibu kwa majivuno, kitambaa kikiwa mdomoni, mate yananitiririka kidevuni.

Jumanne nikaamka shavu limevimba, jino ambalo halipo linauma kuliko lilipokuwepo. Zamu yangu ilikuwa ya mchana. Bibi yangu alikuwa ameenda sokoni, na kabla ya kutoka alikuwa ameniwekea vidonge mezani na chumvi kando ya birika, kila kitu tayari, kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji tu. Badala yake nikatoka nje kulalamika, na huko nikamkuta Kazadi, jirani yetu, ambaye hajawahi kukosa dawa ya ugonjwa wowote.

"Chumvi ni ya samaki," akasema. "Kamata hii, sukutua, tema. Inauwa microbe yote. Hautakunywa, utatema tu. Kutema nayo ni zambi?"

Nikasimama pale na kikombe cha lutuku mkononi. Hapo ndipo ningesema hapana. Nikasema moyoni, kutema tu, nani atajua, nikasukutua kwa nguvu zote kama mtu anayesafisha radiateur ya gari. Moto ulipanda mpaka sikioni, halafu maumivu yakalala. Nikatema, nikaona kipande cheusi cha damu kimeanguka mchangani, nikafurahi, nikidhani ni uchafu umetoka. Kazadi naye akanimiminia nyingine kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, nikaitia kwenye mfuko wangu wa kazi, mimi, mtu mzima mwenye watoto wanne.

Barabara ya kwenda Kakanda, kule kiwandani, mnaijua ilivyo. Kila shimo la barabara lilikuwa linaingia kwenye shimo la jino langu. Tulipofika kituo cha mwisho kabla ya lango, macho yalikuwa yameanza kuona ukungu, nikawaambia abiria naangalia gurudumu, nikazunguka nyuma ya basi, nikafungua kichupa. Na hapa nitasema ukweli: safari hii sikutema yote. Kama kijiko kimoja nilikiacha kishuke, nikijua ninachofanya. Koo lilikipokea kama mgeni aliyekuwa anangojwa.

Nikarudi kwenye usukani, nikaendesha dakika mbili, na mlinzi wa lango akainua kile kimashine cha kupima pombe.

Jamani, nilikuwa nimesahau! Madereva tunapuliza alcotest kila siku, miaka yote, mimi hupuliza huku nikiulizia habari za nyumbani. Nikajaribu kupuliza kidogo, kwa pembeni.

"Papa chauffeur, puliza muzuri."

Nikapuliza. Ikalia. Taa nyekundu.

Ndani ya basi nikasikia mtu akiinuka kwenye kiti. Alikuwa Mama Odette, kiongozi wa kwaya yetu, anayekaa kila siku kiti cha mbele.

"Papa Ilunga? Hapana!" akasema kwa sauti. "Masini yenu imekufa. Uyu papa hakunywake. Uliza Panda yote."

Heri angenitukana. Nikafungua mdomo nieleze habari ya jino, lakini kwa shavu lile maneno yalitoka yamelewa yenyewe, na pamoja na maneno ikatoka damu, ikatua kwenye kiatu cha mlinzi.

"Fungua mfuko," akasema.

Nilimpa. Alitoa kitambaa, kitambulisho, kichupa. Alikinusa, akamwangalia Mama Odette. Mama Odette akashuka. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akaingia langoni kwa miguu, na abiria wote wakamfuata mmoja mmoja katika vumbi lile, na mimi nimesimama kando ya basi tupu.

Mkuu wa usalama akaja. Akaagiza niketi kwenye benchi robo saa, nisukutue kwa maji, halafu nipulize tena. Ikilia mara ya pili, kazi imekwisha. Kwa aliyetema tu ile robo saa isingekuwa kitu, maana pombe ya mdomoni ingeshapotea, lakini mimi nilikuwa na kile kijiko tumboni. Nikaketi nikihesabu pumzi. Nikawaza karo ya watoto, nikamwaza bibi yangu, nikaanza sala nikashindwa kuimaliza kwa sababu sikujua niombe nini, nisamehewe au nisigundulike.

Nikapuliza. Taa ya kijani.

Kile kijiko hakikutosha kuiamsha mashine, lakini wakati huohuo maumivu yakanikamata mpaka taya lote likatetemeka. Wakanipeleka kwa muuguzi wa kiwanda, akamulika ndani, akasikitika.

"Papa, njo nini umefanya? Mufupa iko wazi. Ulisukutua kwa nguvu, ukatoa damu yenye ilikuwa inafunika kidonda. Na pombe imeunguza nyama."

Ndipo nikaelewa kile kipande cheusi kilikuwa nini. Akanisafisha polepole, akajaza shimo dawa yenye harufu ya karafuu. Kazi haikuisha, lakini kwa ajili ya kile kichupa niliandikiwa barua ya onyo na siku nane bila usukani, basi akalichukua mwenzangu.

Nyumbani habari ilifika kabla yangu. Bibi yangu alikuwa amekaa mlangoni. Hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu.

"Ulimeza?"

Ningeweza kusema hapana. Taa ya kijani ingekuwa shahidi wangu.

"Kiloko, kijiko kimoja," nikasema. "Kwa kusudi."

Aliangalia mikono yake. Halafu akasema, "Siku ya mungu utasema weye mwenyewe mbele ya bantu, ao niseme minye?"

Jumapili, mbele ya parokia nzima, nilisema mimi. Shavu bado limevimba, maneno yanatoka nusu nusu, Mama Odette kwenye safu ya mbele ameinamisha kichwa, na nilipofika kwenye kile kijiko akainua kichwa, akaniangalia mpaka nikamaliza.

Nina gego jingine linaloanza kuuma. Siku likitolewa, maagizo ya daktari atayashika bibi yangu, na mdomoni mwangu hakitaingia kitu chochote ninachojidanganya kwamba nitakitema.