Mizambarau ya Vitovu Vyetu

Mama alinipigia simu juzi, na hata hakunisalimia. "Muti yako nayo imeanguka," alisema. "Kuja uone." Nikafunga kibanda changu hapa Malaba, nikashuka hadi kwetu Busia, kando ya ziwa.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka, bibi alikizika uani na juu yake akapanda mzambarau. Wangu mimi, kifungua mimba, ulikuwa karibu na jiko. Ya wadogo zangu ilifuatana kuelekea majini, wa kitinda mimba ukiwa mbele kabisa. Msimu wa zambarau tulimwapia bibi kwamba hatujala, ndimi zimetuiva rangi. Tulishindana kutema kokwa huku tukifukuza kunguru wasile mukene, dagaa wetu, walioanikwa mchangani. Harufu yao iliingia hadi kwenye sare za shule, na mwalimu akanikalisha dirishani. Ziwa lilikuwa mbali siku hizo. Kutumwa maji ilikuwa adhabu.

Bibi peke yake hakuliamini. "Ziwa ni mgeni," alikuwa akisema. "Ukimpa mkeka, ataomba kitanda." Tulimcheka sana, Mungu amrehemu.

Mti wa kitinda mimba ndio uliotangulia kuanguka, kisha mingine ikafuata. Niliikuta imelala ufukweni, mizizi juu, magome yamebabuka, myeupe kama mifupa. Wavuvi wamefunga mitumbwi yao kwenye matawi. Wangu bado una majani mabichi, lakini umelalia ukuta wa jiko, na chini yake mchanga umeliwa. Nililia, sikujificha.

Sasa hakuna kitu kati ya ziwa na nyumba. Nyuma ya nyumba ni kaburi la bibi, na baada ya kaburi ni shamba la watu. Nilimwambia mama tuhame, twende Malaba. Akanijibu, "Nitaachia nani huyu muzee?" akielekeza kidole kaburini.

Mke wa kitinda mimba wetu alikuwa ameketi kizingitini akichambua mboga, mimba yake imeshuka, siku zozote atajifungua. Mama alimtazama tumbo.

"Na huyu," akauliza, "kitovu yake tutazika wapi?"

Nilisimama pale kizingitini, mahali tuliposhindana kutema kokwa. Siku hizi hata mtoto mdogo akitema, kokwa litaangukia majini.