Kanzu Iliyokaukia Mwilini

Ukumbini kwa askofu kuna ubao wenye majina ya maaskofu wote waliopita, yamepangwa kwa utulivu kana kwamba wenyewe walifia usingizini. Uongo mtupu. Historia ya kiti kile aliijua Mama Pasi, dobi wa nyumba hiyo kwa miaka thelathini na mmoja, na aliisoma kwenye beseni. Askofu wa kwanza aliyemfulia alipigwa mawe mlangoni pa kanisa. Damu ya kola ilitaka maji baridi na chumvi siku mbili nzima. Wa pili alizabwa makofi katika sakristia, chumba cha kuvalia mavazi ya ibada, na wazee wake mwenyewe, kisha wakaingia ibadani pamoja wakiimba. Wa tatu ndiye aliyekuwa mpigaji: fimbo ya kichungaji aliivunjia mgongoni mwa mpiga kinanda.

"Cheo ni dhamana," Mama Pasi alizoea kusema, "lakini hawa wanakigombania kama mfupa."

Wa nne alikuwa mpole, mpana wa mabega. Muhula wake ulipokwisha akagoma kuondoka, na waumini wakagawanyika pande mbili.

Kanzu yake ya zambarau kila ikifuliwa ilibana mabegani. Dawa yake Mama Pasi aliigundua zamani: alimvika mumewe ikiwa mbichi, akae nayo juani mpaka ikauke na umbo lake. Mume huyo alikuwa seremala, na mabega yake na ya askofu ni kama shilingi kwa ya pili.

"Leo tena nimepewa daraja la uaskofu," alizoea kumtania mkewe. "Njoo ubusu pete."

Jumapili moja asubuhi alikuwa ameketi uani hivyo hivyo, mgongo kauelekeza langoni, kundi la wapinzani wa askofu lilipolivunja lango. Askofu, akiwa na fulana tu, alikimbilia uani kwa dobi akajibanza nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Mama Pasi alimwona. Seremala pia alimwona.

"Huyu hapa!" Wakamwangukia mwenye kanzu. Rungu la kwanza likavunja mkono, la pili likang'oa meno.

"Si askofu! Ni mume wangu!" Mama Pasi alipiga mayowe.

"Kumbe na nyumba ndogo anayo!" mmoja akacheka, huku akipiga.

"Baba watoto, waambie wewe ni nani!"

Seremala aliinua uso uliojaa damu, akamtazama mkewe, akanyamaza. Mbavu zikalia. Mama Pasi hakungoja zaidi. Alilivuta shuka kwa mikono miwili.

"Mnayemtaka ni huyo!"

Askofu hakukimbia. Alisema tu, "Mama," wakamburuta hadi kwenye karo la kufulia. Alikata roho kabla ya jua kuchwa.

Wiki mbili baadaye Mama Pasi alikuwa akimfunga mumewe bandeji upya.

"Neno moja tu lingekuokoa. Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimeshapigwa, mke wangu," seremala alijibu polepole, kwa mapengo. "Kulikuwa na haja gani tupigwe wawili?"

"Wangekuua!"

"Labda."

Hakumlaumu, na afadhali angemlaumu. Mama Pasi alilia mpaka bandeji ikalowa, kwa kuwa alijua fika kwamba shuka lile angelivuta tena.