Vumbi Mezani kwa Bosi

Kwenye karakana ya kukata mawe ya kaunta za jikoni walimwita Kifua, kwa sababu alikuwa akibeba bamba la jiwe peke yake huku akipiga mluzi. Mkewe, fundi cherehani, alizoea kumwona akirudi mweupe kama aliyeoga unga, watoto wakimcheka: "Baba kazeeka tena!"

Kikohozi kilipoanza, zahanati walisema kifua kikuu. Akameza vidonge mpaka dozi ikaisha. Kikohozi kikabaki palepale. Ngazi za nyumbani, alizokuwa akizipanda mbio, sasa alizipanda kwa vituo kama lori bovu. Hatimaye daktari wa hospitali kubwa akatazama picha ya mapafu, akauliza, "Unafanya kazi gani?" Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Ni vumbi la mawe," daktari akasema. "Limeacha makovu yasiyofutika. Msumeno ungekuwa unamwagiwa maji wakati wa kukata, vumbi lisingepanda hivyo."

Maji! Damu ilimchemka mkewe, aliyekuwa amemsindikiza. Bomba lilikuwepo pale karakana. Bosi alikuwa akioshea gari lake.

Kesho yake asubuhi alibeba ovaroli la mumewe, halijafuliwa, akaingia ofisini bila hodi. Bosi alikaa nyuma ya kioo, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma.

"Pole na mgonjwa, shemeji. Lakini vitambaa vya pua tuliwapa. Na hizi sigara zao, je?"

"Mume wangu hajui hata ladha ya sigara." Akajifunga mtandio puani, akalikung'uta ovaroli juu ya meza, pwaa!

Bosi akaruka, kaziba pua kwa mikono miwili. "We mwanamke, unataka kuniua?"

"Kumbe unajua linaua!"

Sauti yake ilipenya hadi nje. Misumeno ikanyamaza mmoja mmoja, na mafundi wakagoma kuiwasha mpaka maji yavutwe. Bosi alibwata, akatishia kufukuza wote. Wiki haikuisha, mipira ya maji ikafungwa na barakoa za maana zikaletwa. Zilikuwa zikiuzwa duka la mtaa wa pili tu, siku zote hizo.

Kifua hakupona. Hulala ameketi, mito mgongoni, na kumaliza sentensi moja ni kazi ya sulubu. Wenzake wakija kumjulia hali humsifu mkewe: "Shemeji, umetuokoa."

Yeye hacheki. "Sifa za nini? Nendeni mkapigwe picha ya vifua, nyote."

Wamekwenda. Baadhi yao wamerudi na picha zenye makovu kama ya Kifua.