Gari Lililojifunza Kusimama

Ukimuuliza mtu wa Kiogoro nyumba ya Thadeus Ondieki iko wapi, hatakuonyesha nyumba. Atakuonyesha kibanda cha mabati kando ya migomba, na ndani yake Starlet nyeupe iliyopandishwa juu ya magogo, kisha atakwambia mwenyewe yuko chini ya gari. Mara nyingi atakuwa amesema kweli.

Ondieki aliendesha lori la majani chai ujana wake wote upande wa Nyamira, na hakuna kona ya milima ile asiyoijua. Tuseme ukweli, maana hata yeye hakatai: alikuwa mtu wa haraka ya bure. Wachumaji chai walimpa jina la Omorero, yaani moto, naye mpumbavu akalifurahia kama sifa. Mkewe Gesare, mwalimu wa chekechea, hakulifurahia. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa kiti cha kando.

Siku moja ya soko, pale Nyakoe, breki za Starlet zilikuwa zimechoka na dereva wake hajachoka. Wakaingia moja kwa moja kwenye kibanda cha ndizi. Hakufa mtu, ila Gesare aliumia mkono. Alitoka garini na ndizi zilizopondeka kwenye sketi yake ya kanisani, akasema mbele ya soko zima, bila kupaza sauti, akimwita kwa jina la binti yao, "Tata Nyakerario, wewe unajua kwenda. Kusimama hujui."

Hakuwa akilisema gari peke yake. Ondieki hakujua kusimama akianza maneno, hakujua kusimama akishika njia ya kwenda kwa marafiki, na akikasirika ndiyo kabisa. Mwaka uliofuata Gesare aliomba uhamisho, akapewa shule karibu na Nyamira, akapata nyumba ndogo mlimani yenye kipande cha shamba na ng'ombe mmoja. Hakuna kikao kilichoitwa wala mzee aliyetumwa. Uhamisho wa serikali ukageuka kuwa talaka, na kwa kuwa hakuna aliyeutaja hivyo, hakuna aliyejua aanzie wapi kuutengua. Hata binti yao Nyakerario, aliyeolewa na Zubair mjini Kisii, alizoea kuongea na baba yake juu ya mvua, wajukuu na bei ya sukari. Mama yake walimzunguka kama shimo la barabarani.

Wanaume wengine wakiachwa huanza pombe. Ondieki alianza tabo.

Mkwewe, mzee Osman, babake Zubair, ana duka la spea mjini, na ndiye aliyempatia injini ya tabo kutoka kwa Starlet nyingine ya mbio iliyogongwa nyuma. Injini ya tabo ni mlafi wa hewa: moshi unaotoka huzungusha feni ndogo, na feni hiyo huishindilia injini hewa zaidi ya ile ambayo ingevuta yenyewe. Ondieki alikata vishikio vya zamani akachomelea vipya, akapanua nafasi ya rejeta, akapitisha mabomba mahali ambapo hapakuwa na njia. Aliifanya kazi hiyo polepole kwa sababu ikiisha ingebidi aingie ndani, na ndani kulikuwa kimya. Siku aliyoiwasha, ile feni ilipiga mluzi mwembamba, mzuri, hata akacheka peke yake. Kisha akageuka nyuma amwambie mtu. Hapakuwa na mtu. Kuku walikuwa wanachakura.

Alishuka nayo mteremko mmoja tu. Breki zile za zamani zilitoa moshi, pedali ikazama mpaka chini, na ikawa mara ya kwanza maishani mwake Omorero kuogopa. Akairudisha kwa gia ya kwanza, akaipandisha juu ya magogo.

Mzee Osman alimtafutia breki pia: diski kubwa za mbele, na za nyuma za kuchukua nafasi ya dramu. "Mkwe, umenunua miguu, sasa nunua magoti," alimwambia. "Siku ukizifunga, nitakuja kuona." Ondieki aliitikia kwa adabu kama mtu anavyoitikia maneno ya mlangoni, akaziweka kwenye gunia. Zikakaa humo msimu mzima wa mvua na mwingine ukaingia. Majirani walidhani amechoka. Hakuwa amechoka. Ni kwamba kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili, mmoja chini kwenye gurudumu na mwingine kwenye pedali, na miaka yote mtu wake wa pedali alikuwa Gesare.

Alikuwa akitoka shule, anavua viatu, anaketi kwenye usukani na vitabu vya watoto mapajani. Ondieki akiwa chini humwambia, "Kanyaga." Anakanyaga. "Shikilia." Anashikilia, naye Ondieki analegeza kinati, hewa inatoka pamoja na mafuta, kisha anakikaza. "Achia." Magurudumu yote manne, maneno yaleyale matatu, na katikati yake Gesare husimulia mtoto gani amelia leo. Hawakuwahi kugombana wakitoa hewa kwenye breki. Ondieki aliliwazia jambo hilo mara nyingi kuliko lilivyomfaa.

Basi Jumatatu moja Nyakerario akapiga simu. Siku hizi huongea Kiswahili na baba yake kama mumewe yuko karibu, maana si heshima kumficha mtu maneno nyumbani kwake.

"Tata, umeamkaje? Ile gari iliisha?"

"Bado breki."

"Basi funga. Baba anakuja Jumapili kuiona."

Hapa lazima msomaji asiye wa huku avumilie kidogo. Kwetu Gusii, baba ni mama. Mzazi wa kiume tunamwita tata, na aliyekuzaa kwa uchungu ndiye baba, na mtoto wa Kisii akienda shule hucharazwa sana kabla hajaamini kwamba Kiswahili kimeyapindua. Nyakerario alikuwa amemwita mama yake baba tangu ajue kusema.

"Baba?" Ondieki akauliza.

"Eeh, baba. Mpikie kitu, Tata, usimpe chai kavu." Halafu mtoto akalia huko nyuma, na simu ikakatwa.

Alibaki ameishika simu sikioni. Moyo ulimdunda kama wa kijana, na hakuona aibu. Kama angetulia angejiuliza maswali mawili matatu, lakini kutulia hakukuwa kazi aliyosomea.

Wiki hiyo Kiogoro ilisikia nyundo. Dramu za nyuma zilikuwa zimeshika kutu akazitoa kwa nguvu na kwa maombi. Akafunga diski, kalipa za kuzibana na pedi mpya, akaweka bomba kubwa la breki linalosukumwa na pedali, maana lile dogo la zamani lisingeweza kusukuma mafuta ya kutosha. Jumamosi hakugusa spana, ilikuwa Sabato, akaenda kanisani na kucha nyeusi akaimba kwa sauti iliyomfanya mzee wa kanisa ageuke. Jioni jua lilipotua na Sabato kuisha, ikabaki hewa.

Angeweza kumwita jirani yake Omosa. Hakumwita. Alikata kijiti cha mkaratusi, akakanyaga pedali, akakibana kijiti kati ya pedali na kiti, akatoka, akazunguka hadi kwenye gurudumu, akalala chini, akalegeza kinati, akakikaza, akarudi kukitoa kijiti. Kila mara alisema yale maneno kwa sauti. "Kanyaga," akajikanyagia. "Shikilia," akakiambia kijiti. "Achia." Ilimchosha mgongo, lakini pedali ikawa ngumu na ya kuaminika, akalala akiwa na furaha ambayo nyumba hiyo ilikuwa imeisahau.

Jumapili alifagia uwanja, akachinja jogoo, akasonga ugali wa wimbi, akachemsha mboga ya chinsaga kwa maziwa kama Gesare alivyopenda. Alivaa shati lililopigwa pasi. Saa ya mchana akasikia pikipiki langoni, akatoka akijipangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

Aliyeshuka alikuwa mzee Osman, na kofia yake nyeupe, na mfuko wa tende.

"Mkwe, salaam aleikum. Mbona umeshtuka? Msichana hakukwambia nakuja?"

"Aliniambia." Ondieki alichungulia nyuma ya pikipiki. "Alisema baba anakuja."

"Basi ndiyo mimi huyo," alisema Osman, na uso wake ukang'aa. "Tangu siku ile alipoingia kwetu ananiita baba. Hata hawa wangu hawaniiti vizuri kama yeye."

Ondieki alisema karibu. Mtu anaweza kuanguka ndani ya moyo wake na bado akamvutia mgeni kiti. Walitoka na gari, wakapanda mlima, tabo ikapiga mluzi, Osman akacheka na kushika dari. Kwenye mteremko Ondieki alikanyaga, na gari likasimama pale alipolitaka, limenyooka, bila kulia wala kuyumba. Tende hazikuanguka kitini.

"Sasa hii ni gari," Osman alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa kelele tu."

Mezani Osman alikula ugali na mboga kwa hamu, lakini sahani ya kuku akaisogeza pembeni kwa upole. Ondieki aliitazama ndipo akakumbuka. Wakati wote wa undugu wao, Osman alipotarajiwa, kuku aliachwa hai mpaka Zubair au Osman mwenyewe afike amchinje kwa dua zao. Huyu alikuwa amechinjwa asubuhi.

"Huyu hakuwa wangu," alisema Osman.

"Nisamehe, mkwe. Nilisahau."

"Hukusahau. Ulimpikia mtu." Alinawa mikono. Tangu mkewe afariki naye hula peke yake, hakuhitaji kuelezwa. "Mlima wa Nyamira si mbali kwa gari kama hiyo. Na kuku bado ana moto."

Akapanda pikipiki akaondoka. Ondieki akamfunga kuku kwa majani ya mgomba, akamweka kitini ambapo Gesare alikuwa akikaa.

Aliendesha kama hajawahi kuendesha, akiwapisha hata wenye baiskeli. Njia nzima alipanga maneno ya kusema, na yote yakawa mabaya ila moja: njoo uone inavyosimama. Zamani, akitoka safari, breki zililia kuanzia kona, na Gesare alikuwa amekwisha kutoka nje kabla injini haijazimwa. Alipanda kile kilima, akaona nyumba, ng'ombe, na napia, majani ya kumlisha, upande wa juu wa shamba. Mbele ya lango akakanyaga taratibu. Gari likasimama kimya kabisa. Akazima injini, akangoja.

Hakuna aliyetoka. Kupiga honi hakuweza, maana honi ni amri, na amri alizitoa za kutosha wakati wake. Kushuka abishe hodi alitaka, akashika mpini wa mlango, lakini aliona mlango wa nyumba umefungwa vizuri, akahisi kwamba umefungiwa yeye. Alikaa mpaka harufu ya kuku ikapoa. Kisha akageuza gari akashuka kwa breki zake nzuri, na machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Magharibi Nyakerario alipiga. Alikuwa jikoni peke yake, kwa hiyo waliongea Ekegusii.

"Tata, mlikula vizuri?"

"Vizuri."

"Baba amenipigia sasa hivi."

Ondieki akauliza kwa uangalifu, "Baba yupi?"

"Tata nawe. Aliyenizaa." Alisita, kwa kuwa hawakuwa na mazoea ya kumtaja. "Anauliza kama uliuza Starlet. Leo alikuwa juu anakata napia, akaona Starlet nyeupe inapanda kwake. Akasema huyu ni tata yako. Akaacha panga akaanza kushuka, anasema alikuwa karibu kukimbia na magoti yake yale. Lakini ilipofika langoni ikasimama polepole, bila kelele. Akajua si wewe. Akarudi kukata majani."

Ondieki aliegemea mlango.

"Tata, uko?"

"Niko."

"Alikuwa nani huyo, unamjua?"

"Labda mtu aliyepotea njia," alisema. Wakaagana.

Alitoka nje akaenda kibandani. Hakuwasha kitu. Aliingia garini, si kwenye usukani bali kwanza kiti cha kando, akamtoa kuku aliyepoa na kumweka juu ya kibao. Kisha akazunguka, akaketi mahali pa dereva, akaweka mguu kwenye pedali.

"Kanyaga," alisema. Akakanyaga.

"Shikilia."

Akashikilia. Neno la tatu alilijua, lilikuwa pale mdomoni, lakini hakulisema.