Barabara Itabebwa na Nani?

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Greda lilikuwa limefika kijijini kwetu, huku juu, nyuma ya vilima vya Rubya, likatuachia barabara ya changarawe. Tukacheza ngoma, tukanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mimi nilikuwa kijana mwenye mdomo. Nikasimama mbele za watu nikasema machela sasa basi, gari litafika mpaka mlangoni.

Wewe machela huijui. Ni kitanda cha miti na kamba tulichobebea wagonjwa mpaka hospitali. Kila nyumba ilitoa mbebaji zamu yake ilipofika, iwe ina mgonjwa au haina. Aliyekwepa alitozwa mtungi wa rubisi, na siku ya kuugua kwake aliona haya kuita watu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Baba yangu, tata, ndiye aliyekuwa kiongozi wa wabebaji. Akaniuliza, "Na hiyo barabara itabebwa na nani?"

"Serikali, tata. Kila lita ya mafuta ina kodi ya barabara ndani yake."

Akatikisa kichwa. "Machela ikioza naiona kwa macho. Hiyo kodi iliyo ndani ya mafuta utaionaje? Kitu usichokiona hutakilinda." Tulimcheka, jamani! Jioni ile ile tukaipasua machela kuwa kuni, tukachomea ndizi za gonja.

Basi, tata tukamzika, nasi tukalala usingizi. Malori ya kahawa yalipita yamejaa kupita kiasi, hakuna aliyesema. Mitaro ikaziba. Vijana wakaleta mafuta ya madumu yaliyopita njia za panya, hayajalipiwa kodi hata senti, nami nikayatia kwenye pikipiki yangu nikijiona mjanja. Mikutanoni tulimpigia makofi kila aliyeahidi kupunguza kodi ya mafuta. Ile kidogo tuliyolipa iliishia wapi? Hatukuuliza. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hata huo ukuta hatukujenga.

Masika yaliyopita mke wangu, mama Koku, alibanwa na kifua. Gari tulilokodi likazama kwenye tope kule bondeni, likakataa kabisa. Nikapiga yowe. Majirani wakaja, watu wazuri tu, lakini hakuna aliyejua kufunga machela. Vijana wakambeba kwenye blanketi, kila mmoja na hatua yake, wakimtikisa, mvua ikimpiga usoni. Akaniambia, "Waambie waniweke chini, wamechoka." Hata saa ile aliwahurumia wao! Tukamweka chini kando ya njia, na pale pale akakata roho. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya kilima tu.

Juzi mjukuu wangu alikuja kutoka Bukoba, anakaa Kitendaguro, yuko juu ya pikipiki ya umeme. Nilipoanza habari za barabara akanikatiza: "Babu, mimi sinunui mafuta. Kodi hiyo hainihusu." Ee Mungu wangu, ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Nikamwacha pale pale uani, nikaingia ndani.

Kwa hiyo nakwambia wewe, labda una masikio. Usimshangilie anayekuahidi kufuta kodi ya mafuta. Mwulize barabara itabebwa na nani. Dai fedha hiyo iwekwe kando kwa kazi ya barabara tu, na kijiji kisomewe imefanya nini. Mwenye lori zito alipe zaidi, maana ndiye anayeiumiza zaidi. Mwenye pikipiki ya umeme naye atafutiwe namna ya kuchangia, kwani magurudumu yake hayapiti hewani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai, hata mkichangia mpaka kiyama.

Sikufichi, matumaini sina. Lile tope bado lipo, mvua ziko njiani, na watu wanaongea habari za bei tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lililovunjika halikuwa langu, lilikuwa la mama Koku. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mungu akupe afya, mwanangu, akupe watoto, migomba yako isikauke. Na siku utakapougua, akujalie njia ya kupita na watu wa kukubeba. Machela yangu mimi nilishaifanya kuni za kuchomea gonja.