Kidole cha Siku ya Kuhesabiwa

Wiki iliyopita nilirudi Lilongwe baada ya miaka mingi ya kuhangaika na dunia, na mlango wa chuma wa nyumba ya wageni ukanibana kidole. Upepo ndio uliousukuma kabla sijautoa mkono. Niliketi kitandani nikikipuliza kidole cha kati kama mtoto, na kabla sijawaza dawa wala hospitali, nikajikuta nasema kwa sauti: "Kunja. Haya, nyoosha." Maneno hayo hayakuwa yangu. Yalikuwa ya bibi yangu, na mara nikawa nimefika Dzaleka, hata gari sijapanda.

Kama hukuiona Dzaleka ya katikati ya miaka ya tisini, acha nikutembeze kidogo. Kambi hiyo ya wakimbizi ilikuwa bado changa. Majengo ya matofali ya gereza la zamani yalikuwepo, na kuyazunguka sisi wageni tulikuwa tumejijengea vijumba vya udongo. Upepo ulileta harufu ya tumbaku kutoka mashamba ya Dowa, ukaichanganya na ya mafuta ya jirani yetu, mama mmoja wa Kindu aliyekaanga mandazi tangu alfajiri. Mlangoni kwetu ililia cherehani ya bibi, ile ya kuzungusha kwa mkono, tuliyoibeba kwa zamu tangu Bukavu. Tulikuwa watatu: bibi, dada yangu mkubwa na mimi. Jioni tulikula nsima, ugali wa kule, na maharage, na kila jioni bibi alisema nsima ni nzuri, ila haiwezi kuitwa bugali wa kwetu.

Bibi hakuwa muuguzi. Kule Bukavu alishona nguo za wauguzi wa zahanati moja, na mashine yake ilikaa karibu na dirisha la chumba cha kufungia vidonda. Alijifunza kwa macho, miaka na miaka. Kwa hiyo watoto wa mtaa wetu walipojigonga vidole, waliletwa kwake, na kila mmoja alipimwa kwa utaratibu uleule. Kwanza ukunje, kisha unyooshe. Halafu alikubonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, akatazama damu ikirudi. Mwisho ulifumba macho naye akakugusa kwa ncha ya uzi, huku au kule, useme ni wapi. Ukishinda yote, alikufunga palepale: kitambaa laini katikati, kidole kigonjwa kikashikizwa na kizima kilicho kando yake. Ukishindwa hata moja, au kidole kikiwa kimepinda, alikataa kukigusa. "Hii si ya kwangu," alisema. "Muende kwa munganga wa hospitali."

Siku yangu ilifika pale bombani. Dada alikuwa mbele kwenye foleni ya maji, akanirushia bidoni, dumu tupu la maji, nikashike nafasi ya pili. Nikaidaka vibaya. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kikagonga plastiki kwa ncha, kikaanza kuvimba tukiwa bado njiani.

"Ulidaka na vidole ao na meno?" dada alinicheka, lakini maji aliyabeba yote yeye.

Bibi alinipima. Nilikunja kwa shida, nikanyoosha, damu ikarudi, uzi nikauhisi. Tayari alikuwa amechana kipande cha kitenge. Kisha mkono wake ukasimama hewani.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuhesabiwa. Kila mtu wa kambi, mpaka wachanga, alipita mezani na kuchovya kidole hichohicho, cha shahada cha kushoto, katika bakuli la wino wa zambarau, ili asirudi mara ya pili. Asiye na alama hakuwa na kadi, na asiye na kadi hakuwa na mahindi wala maharage. Mara iliyotangulia baba mmoja alikuwa amekuja na kidole kilichofungwa. Karani alidhani anaficha wino. Familia nzima iliwekwa kando hadi watu wote walipokwisha, na kadi yao ilichelewa mno. Sisi wa mtaa ule tuliwalisha.

Jirani wa Kindu alikuja na mandazi mawili kwenye karatasi, akaona kitenge mkononi mwa bibi.

"Mama, funga. Kesho utafungua pale kwa meza, baone wenyewe."

"Batasema tunaficha wino."

"Baseme tu! Mutoto iko na maumivu."

"Na tukiwekwa kando? Utatulisha na hizi mandazi zako?"

"Si zinabakia kila siku," jirani alijibu, na wote wawili wakacheka, lakini bibi hakufunga. Alikikunja kile kitambaa akakiweka chini ya cherehani. "Siku moja tu," aliniambia. "Kesho tukitoka njo nitafunga."

Foleni ilianza na baridi ya asubuhi na kwisha jua likiwa limetuvuka. Niliubeba mkono kifuani kama yai. Karibu na meza watu walisukumana. Mwili wa mtu ukanigonga, nami nikashika kamba ya uzio kwa mkono uleule ili nisianguke. Nilisikia kitu kikiachia ndani ya kidole. Karani hakuona kitu cha kumshangaza. Alikichovya kidole changu kwenye wino, akaita anayefuata. Kadi yetu ikaandikwa watu watatu.

Nyumbani bibi alisema: "Nyoosha." Kidole kilinyooka, ila ncha ilibaki imeinama, ya zambarau, kama mtu aliyesinzia. Alinitaka nijaribu tena. Kisha akaketi juu ya ndoo.

"Si we," alisema. "Ni mi njo nimekosea."

Bibi ambaye hakuwahi kuomba kitu kwa ofisi yoyote alikwenda kuomba kibali cha kutoka kambini. Tulipanda lori hadi Lilongwe. Njiani alinionyesha magari ya wakubwa yakielekea Capital Hill, kwenye ofisi za serikali, akaponda mishono ya suti zao ili nicheke. Daktari alikinyoosha kile kidole juu ya kijiti, akasema wiki sita, na kisiiname hata mara moja.

Wiki sita hizo, rafiki yangu, ningezirudia zote. Kila asubuhi bibi alinilaza kidole juu ya meza ya cherehani, dada akaishikilia ncha isishuke, bibi akasafisha, akabadili kitambaa, akafunga upya na kijiti cha mwanzi alichokichonga mwenyewe. Alinuka sabuni na mafuta ya mashine. Jirani alileta mandazi yaliyobakia. Kidole kilipona, kimeinama kidogo tu mpaka leo, na tangu siku ile bibi hakumngoja tena karani wala kesho. Mtoto aliyeshinda vipimo alifungwa saa ileile.

Bibi tulimzika hukohuko Dowa. Dada yuko nchi ya baridi, ananipigia simu sikukuu. Jirani sijui alikoishia. Kila mji niliopita niliuliza habari za watu wa Kindu, na hakuna aliyemjua.

Basi nikakaa pale kitandani na kidole changu cha kati. Nilikunja. Nilinyoosha. Nikabonyeza ukucha, damu ikarudi. Nikatoa uzi kwenye pindo la kitenge nilichosafiri nacho, nikafumba macho, nikajigusa, na hapo nikakwama. Ukijigusa mwenyewe unajua tayari umegusa wapi. Kipimo kile kinataka mtu wa pili.

Nilikaa hivyo kidogo, macho nimeyafumba, uzi mkononi. Kisha nikachana kitenge kwa meno, nikakifunga kidole na mwenzake. Sikungoja kesho.